Shimo la Sefue na Neno Alilolisema Pembeni

Nawaletea ngano!
— Ilete tuisikie!
Imetoka mbali, imechoka.
— Ikae, ipumzike!
Ikianza kulia, msiikatize.
— Tutalia nayo!

Haya. Hapo zamani, zamani sana, wakati wanyama walipokuwa na lugha moja, wakiozana na kuzikana kama sisi, palikuwa na nyika kavu chini ya milima. Mvua ilinyesha huko juu milimani. Huku chini yalifika mawingu tu, tena mepesi, yakapita. Jua la nyika hiyo lilikuwa kali hata mijusi walitembea kwa kurukaruka.

Katika nyika hiyo aliishi mhanga mmoja, jina lake Sefue. Mhanga mnamjua? Ni yule mnyama mwenye pua ndefu na masikio kama ya punda, anayekula mchwa. Kucha zake ngumu kama jembe. Kazi yake kuchimba. Na Sefue, jamani, alikuwa mchimbaji kweli.

Mke wake aliitwa Nakiete. Walikuwa na watoto watatu. Wa kwanza Mbonea, wa pili Nankondo, na kitinda mimba Kajiru.

Sefue na Nakiete walichimba shimo chini ya kichuguu kikubwa. Sefue alichimba, Nakiete akazoa udongo akautoa nje. Sefue akachimba, Nakiete akazoa. Walipoanza hawakuwa na mtoto hata mmoja. Mbonea alizaliwa shimo likiwa fupi, mama akilala mkia wake unabaki nje. Nankondo alizaliwa shimo likiwa na chumba cha kulala na ghala la chakula. Na Kajiru alipokuwa tumboni, Sefue alifika chini kabisa, akagonga mwamba, mwamba ukapasuka, yakatoka maji.

Maji matamu! Maji baridi! Katika nyika ile nzima hapakuwa na maji kama yale wakati wa kiangazi.

Majirani walikuja kuomba. Kanga alikuja na vifaranga vyake. Ngiri alikuja. Hata Twiga, mkuu wa baraza la nyika, alikuja akatekewa maji akanywea mlangoni. Sefue hakumnyima mtu.

Basi siku moja Nakiete akamwambia mumewe, "Baba Mbonea, hili shimo limekuwa kubwa. Watu wote wanalitazama. Wewe una ndugu, mimi ni mtu wa kuja. Ita baraza, useme mbele yao: siku nikiondoka, shimo hili ni la mke wangu na watoto wangu."

Sefue akacheka. "Mama Mbonea, unanichimbia kaburi na mimi bado nachimba shimo?"

Nakiete akanyamaza.

Siku zikapita. Nakiete akasema tena, "Baba Mbonea, ita baraza."

Sefue akasema, "Kiangazi kinakuja, nina kazi. Baraza ni maneno ya watu waliokaa. Mimi sijakaa."

Nakiete akanyamaza.

Siku zikapita. Nakiete akasema mara ya tatu. Mara hii alisema huku akilia, kwa sababu alikuwa ameota ndoto mbaya. "Baba Mbonea, nakuomba. Ita baraza."

Sefue akamhurumia. Akasema, "Sawa, mke wangu. Lakini baraza la nini? Nitamwambia ndugu yangu Mgonja. Yeye ni damu yangu. Nikimwambia yeye, nimewaambia wote."

Mgonja alikuwa mdogo wake Sefue, tumbo moja. Huyu hakupenda kuchimba. Alilala kwenye mashimo ya watu waliohama, likiporomoka hili akahamia lile. Alipoitwa, akaja. Sefue akamchukua pembeni, mbali na mke, mbali na watoto, mbali na majirani.

Akamwambia, "Mdogo wangu, nikifa leo au kesho, shimo hili ni la Nakiete na watoto. Wewe uwe baba yao. Usikubali mtu awatoe."

Mgonja akasema, "Kaka, usiwe na wasiwasi. Nitawatoaje watoto wangu mwenyewe?"

Na siku ile, jamani, alisema kweli. Moyo wake ulikuwa safi. Nisimsingizie.

Kiangazi kikaja, maji yakapungua. Sefue akashuka chini kuchimba zaidi ili watoto wasikose maji. Nakiete alikuwa juu anazoa udongo. Akasikia puu! Akaita, "Baba Mbonea!" Kimya. Akaita, "Sefue!" Kimya. Akashuka mbio, akakuta ukuta umeanguka, na pua ya mumewe tu ndiyo inaonekana. Akafukua kwa kucha zake, akafukua huku analia. Alipomtoa, alikuwa hapumui.

Wanyama wakaja matangani. Walilia, maana Sefue alikuwa mtu wa watu. Mgonja alilia kuliko wote, akajigaragaza mavumbini, akasema, "Kaka yangu! Umeniachia nani?"

Matanga yakaisha. Watu wakaondoka. Mgonja hakuondoka.

Siku ya kwanza akamwambia Nakiete, "Shemeji, wewe ni mjane, na nyika hii ina watu wabaya. Mimi nitalala hapa mlangoni niwalinde." Nakiete akashukuru. Akamtandikia mlangoni.

Mgonja akalala mlangoni. Upepo wa baridi ukatoka chini kwenye maji, ukampuliza usoni. Hakuwahi kulala pazuri namna ile tangu azaliwe.

Siku ya pili akasema, "Shemeji, mambo ya ghala niachie mimi. Wewe bado una majonzi." Nakiete akamwachia. Tangu siku hiyo watoto wakitaka kula humwomba baba mdogo. Naye huwapa kidogo.

Siku ya tatu akasema, "Shemeji, nimefikiri. Shimo hili ni la ukoo wa mhanga. Limechimbwa na kaka yangu, na mimi ndiye ndugu yake. Wewe una kwenu. Rudi kwenu, nitawatazama watoto huko huko uliko."

Nakiete alikuwa anamlisha Kajiru. Akaweka chakula chini. "Shemeji, Sefue alikuita pembeni. Alikwambia nini?"

Mgonja akatazama chini. "Aliniambia nilitunze shimo."

"Ulitunzie nani?"

"Aliniambia nilitunze."

"Shemeji! Mgonja! Nitazame. Alikwambia ulitunzie nani?"

Mgonja hakumtazama. Akasema, "Nani alisikia?"

Ndugu zangu, neno hilo likimtoka mtu kinywani, halirudi. Nakiete akaenda kulia barazani.

Mgonja naye akaogopa. Akamwendea Fisi. Akamwambia, "Fisi, kesho kuna baraza. Useme ulikuwa unapita, ukamsikia Sefue akisema, shimo namwachia mdogo wangu Mgonja. Ukisema hivyo, utakunywa maji mpaka ufe."

Fisi akajilamba. "Nitasema. Kusema kuna uzito gani?"

Baraza likakaa kwenye mwamba bapa. Twiga akauliza, "Nakiete, una nini?"

Nakiete akasema, "Nimefukuzwa kwangu. Shimo lile nimelichimba na mume wangu. Yeye alichimba, mimi nikazoa udongo. Tazameni mgongo wangu, hauna manyoya. Udongo ndio uliomaliza manyoya. Na mume wangu alimwambia Mgonja kwamba shimo ni letu."

"Wewe ulisikia akimwambia?"

"Sikusikia. Walikwenda pembeni."

Kanga akasimama, akasema kwa haraka kama kawaida yake, "Mimi jirani. Mimi nimemwona huyu mama akizoa udongo, akiwa na mimba, akiwa ananyonyesha, joto na baridi. Nimemwona kwa macho yangu!"

Twiga akauliza, "Ulimsikia Sefue akisema shimo ni la nani?"

Kanga akasema, "Hapana, kusikia sikusikia."

"Basi kaa. Kuzoa udongo si kuchimba. Tunauliza neno la marehemu. Mgonja, una shahidi?"

Mgonja akasema, "Ninaye." Na Fisi akasimama, akaapa kwa kaburi la mama yake, akasema lile alilofundishwa, tena akaongeza na machozi.

Baraza likanong'onezana. Ngiri akasema hili si sawa. Lakini Twiga akasema, "Mmoja ana shahidi, mwingine hana. Shimo ni la Mgonja."

Nakiete akawachukua watoto wake watatu akaondoka. Hakuchukua kitu. Alikuwa na kitu gani? Alikuwa na wimbo tu. Aliuimba njiani, na ninyi mtaniitikia:

Sefue alichimba, ee!
Nami nikazoa.
Alisema neno, ee!
— Nani alisikia?

Akaenda kwa Ngiri. Ngiri akasema, "Mama, nakuhurumia, lakini shimo langu ni dogo, na mke wangu kazaa juzi. Laleni hapa leo." Wakalala. Asubuhi wakaondoka.

Sefue alichimba, ee!
Nami nikazoa.
Alisema neno, ee!
— Nani alisikia?

Akaenda kwa Kanga. Kanga akawapokea kwa mikono miwili, akawapisha kwenye kichaka chake. Lakini kichaka cha kanga ni vijiti vitupu. Mhanga ngozi yake ni ya gizani, haiwezi jua la mchana. Watoto wakababuka migongo. Kanga akawafunika kwa mbawa zake, mbawa hazikutosha. Nakiete akasema, "Asante, mwenzangu. Utaua vifaranga vyako kwa ajili yetu." Wakaondoka.

Sefue alichimba, ee!
Nami nikazoa.
Alisema neno, ee!
— Nani alisikia?

Wakafika kwenye mto uliokauka. Nakiete akachimba ukingoni. Lakini alikuwa peke yake, tena ana njaa, na ardhi ya kiangazi ni chuma. Akapata kijishimo cha kuingiza vichwa tu. Watoto wakaingiza vichwa, migongo ikabaki juani.

Kajiru akaanza kuugua. Alikuwa mdogo, mwili haujakomaa. Homa ikampanda, midomo ikapasuka. Akasema, "Mama, maji."

Nakiete akamwambia Mbonea, "Mfanyie mdogo wako kivuli. Usiondoke." Akaenda mbio mpaka shimoni kwake. Alikimbia juani, mhanga akikimbia mchana, kitu ambacho hakijawahi kuonekana.

Mlangoni akamkuta Fisi amejinyosha.

"Fisi, nipe maji. Mtoto anakufa."

Fisi akasema, "Mwenyewe amelala."

Nakiete akaita kwa sauti, "Shemeji Mgonja! Kajiru anaumwa! Sitaki shimo, nataka maji tu! Mgonja, ni Kajiru!"

Ndani kimya.

"Mgonja! Ni mtoto wa Sefue!"

Ndani kimya. Fisi akasema, "Nimekwambia amelala. Ngoja jua lishuke."

Nakiete akangoja. Angefanya nini? Aliketi pale juani mbele ya mlango ambao udongo wake aliuzoa mwenyewe, akatazama kivuli cha kichuguu kikirefuka kidogo kidogo. Jua liliposhuka, Fisi akampa maji kwenye kibuyu kilichopasuka. Nakiete akaziba ufa kwa kiganja, akarudi mbio, maji yanadondoka.

Mbonea alikuwa bado amesimama. Alikuwa amemsimamia mdogo wake kivuli tangu asubuhi, hajasogea. Nankondo alikuwa amekaa karibu na kichwa cha Kajiru, anampepea kwa jani.

Nankondo akasema, "Mama, amelala. Amenyamaza kulia."

Nakiete akamgusa. Akamgusa tena. Akachukua yale maji yaliyobaki akamlowesha midomo. Maji yakateremka shavuni yakaingia mchangani.

Wakamzika palepale ukingoni, kwenye kile kijishimo. Nakiete hakuimba.

Sasa turudi kwa Mgonja. Mtaniuliza, alikuwa amelala kweli? Hakulala. Alikuwa macho. Alisikia kila neno. Aliinuka mara moja, akafika nusu ya njia, akajiambia, nikimpa maji leo, kesho ataomba chumba, kesho kutwa baraza litauliza kwa nini namwonea huruma. Akarudi akalala, akajiziba masikio. Lakini masikio ya mhanga ni makubwa, hayazibiki.

Na Fisi je? Fisi alikuja kunywa maji. Mara akakaa mlangoni, akasema, "Nakulindia mlango, rafiki yangu." Mgonja akakubali. Mara akamleta mke wake, akasema, "Ghala linahitaji mwanamke." Mgonja akakubali, kwa sababu aliogopa kinywa cha Fisi. Mara wakaja mashemeji wa Fisi, na wajomba wa Fisi, na mifupa yao. Shimo likanuka. Mgonja akasukumwa kutoka chumbani mpaka ghalani, kutoka ghalani mpaka mlangoni, na siku moja akaamka yuko nje.

Akasema, "Fisi! Hapa ni kwangu!"

Fisi akasema, "Nani alisikia?"

Mgonja akaenda kulia barazani. Baraza likakaa kwenye mwamba uleule, na nyika nzima ikaja. Nakiete naye alikuja. Alikaa nyuma kabisa pamoja na Kanga, na watoto wake mbele ya miguu yake.

Twiga akasema, "Mgonja, sema."

Mgonja akasema, "Fisi amenifukuza kwenye shimo la kaka yangu. Baraza hili lenyewe lilinipa."

Twiga akasema, "Fisi, jibu."

Fisi akasimama bila haraka. "Waheshimiwa, siku ile sikumaliza kusema. Sefue alisema, shimo namwachia Mgonja, lakini Mgonja akishindwa kulitunza, apewe rafiki yangu Fisi. Nilimsikia mimi mwenyewe."

"Uongo!" akasema Mgonja.

Fisi akamgeukia Twiga. "Mheshimiwa, shahidi wa neno la Sefue ni nani? Si mimi? Mlinikubali siku ile, mkatoa hukumu kwa kinywa changu. Leo kinywa hikihiki mtakikataa kwa sababu gani?"

Twiga akageuza shingo. Akamwuliza Mgonja, "Wewe una neno gani? Sefue alisema hivyo, au hakusema hivyo?"

Mgonja akageuka kutafuta mtu wa kumsaidia. Akatazama upande huu, akatazama upande ule. Akamwona Nakiete kule nyuma. Akawaona watoto. Mbonea. Nankondo. Akatafuta wa tatu, hakumwona.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, Kajiru yuko wapi?"

Nakiete alimtazama tu. Nankondo, ambaye alikuwa mtoto na hakujua kunyamaza kwa wakubwa, akasema, "Baba mdogo, Kajiru tulimzika. Maji yalichelewa."

Mgonja akakaa chini. Hakukaa kama mtu anayekaa. Aliporomoka kama ukuta wa udongo. Akalia. Safari hii hakujigaragaza.

Akasema, "Baraza, nisikilizeni. Fisi hakusikia kitu. Hakuwapo. Nilimfundisha mimi maneno. Kaka yangu alinichukua pembeni, tulikuwa wawili tu. Aliniambia shimo ni la Nakiete na watoto, nami niwe baba yao, nisikubali mtu awatoe. Nikamwambia, nitawatoaje watoto wangu mwenyewe? Ndivyo nilivyomwambia. Na huyu mama alipokuja kuomba maji, nilikuwa macho."

Baraza zima likamgeukia Fisi.

Fisi alitaka kucheka, kicheko kikamkwama. Ngiri na pembe zake akamfukuza barazani, kisha akawatoa shimoni mke wake na mashemeji zake, wote wakakimbia mpaka mwisho wa nyika. Twiga akatoa amri kwamba Fisi asisimame tena ushahidi wa mtu yeyote. Ndiyo maana mpaka leo fisi akipiga kelele, hata awe analia kweli, hakuna anayetoka kumwuliza ana nini.

Kisha Twiga akasema, "Nakiete, shimo ni lako. Baraza hili lilikosea."

Nakiete akasema, "Mlisema kuzoa si kuchimba."

Twiga akasema, "Tulisema."

"Semeni tena, watu wasikie."

Twiga akainua sauti, nyika nzima ikasikia. "Aliyezoa amechimba! Mke aliyejenga na mumewe hatatolewa kwenye nyumba yake, awe na shahidi au asiwe na shahidi!"

Hiyo ikawa sheria ya nyika tangu siku hiyo. Lakini sheria ilikuja, na Kajiru yuko mchangani. Sheria ilipofika ilimkuta ameshaondoka.

Mgonja akamfuata Nakiete kwa magoti. "Shemeji, nisamehe."

Nakiete akamwambia, "Maji utakunywa. Utakunywa mlangoni, kama anavyokunywa kila mtu. Sefue hakumnyima mtu, na mimi sitamnyima mtu. Ila ndani usiingie. Na huo msamaha usiniombe mimi. Kamwombe yule wa kule mtoni." Mgonja akaenda mtoni. Kila asubuhi alionekana huko, amesimama kwenye jua kali juu ya kile kikaburi, anakifanyia kivuli. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemkataza.

Nakiete na watoto wakasafisha shimo. Wakatoa mifupa ya Fisi, wakamwaga mchanga mpya. Na siku walipomaliza, Nakiete hakulala kwanza. Alimtuma Kanga awaite watu wote waje mlangoni. Akaja Twiga, akaja Ngiri na mke wake, wakaja na majirani wa mbali.

Nakiete akasimama, akasema, "Mimi ni mzima. Siumwi, sijazeeka, sijaota ndoto. Nimewaita mnisikie. Siku nikiondoka, mtu asiseme alinong'onezwa na mimi pembeni. Neno langu ni hili, na nalisema mchana."

Wote wakasogea.

"Shimo hili ni la watoto wangu. Maji ni ya nyika nzima, asinyimwe mtu. Chumba cha kulala ni cha Nankondo, kwa sababu ni mtoto wa kike na watu watamwambia ana kwao kwingine. Ghala ni la Mbonea. Na kule chini karibu na maji, penye baridi, ni pa Kajiru."

Mbonea akamtazama mama yake. Ngiri akatazama chini. Kanga akafungua mdomo kumkumbusha, mke wa Ngiri akamkanyaga mguu.

Twiga akainamisha shingo yake ndefu, akaishusha, akaishusha, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa Nakiete. Akamwambia taratibu:

"Tumesikia, mama. Nankondo chumba, Mbonea ghala, Kajiru penye baridi. Sote tumesikia."

Na mpaka leo, wanasema, pale penye baridi hakuna anayelala.

Ndugu zangu mliokaa hapa, fundisho ni hili. Mwenye chake aseme ni cha nani angali mzima, aseme mbele za watu, asinong'one kwa mmoja hata kama mmoja huyo ni damu yake. Ninyi mna karatasi, mna mashahidi, mna kadhi na hakimu. Msiogope wosia, wosia hauui mtu. Na wewe uliyeachiwa neno la marehemu, ujue umeachiwa watoto wake. Ukilimeza, haliishii tumboni mwako peke yako.

Ngano imefika mwisho wa pumzi yangu. Aliyeisikia aende nayo nyumbani kwake, aliyesinzia amwulize jirani.
— Tumeisikia! Tumeipokea!